Mota dhaifu isimvunje mtoto moyo



Juma lililopita mama mmoja alitusimamisha kwenye mlango wa shule. Mkononi alikuwa na mota ndogo ya rangi ya buluu, ndogo kuliko kiberiti. Akasema: «Mwalimu, binti yangu ananiomba feza ya kununua tatu za namna hii kwa ajili ya roboti yao. Nitajua namna gani kama ni nzuri? Mimi ninajua kuchagua nyanya, sijui kuchagua hii.»

Alikuwa mama wa tatu kutuuliza swali hilo mwezi huu. Tukaona afazali tujibu hapa, ili kila mama na kila kundi lipate jibu. Lakini tuanze na kosa letu wenyewe, kwa sababu ndilo lililotufundisha.

Mwaka uliopita wasichana wanne wa mwaka wa tano wa sekondari walitengeneza mkono wa roboti wa mbao, wa kuokota vizibo vya chupa na kuviweka katika kikopo. Sisi walimu tuliwaambia wazazi: «Nunueni mota tatu za servo.» Tuliishia hapo. Wamama wa AVEC yao walifungua sanduku, wakakopesha feza, wakaenda Kadutu, wakanunua zile za bei ndogo. Siku ya kuonyesha kazi, mkono ulipanda kidogo, ukatetemeka, ukaanguka. Ukajaribiwa tena, ukaanguka tena, na harufu ya plastiki inayoungua ikatoka. Watu wakacheka.

Kesho yake mmoja wa wasichana hao, ambaye mama yake anauza sambaza, aliturudishia daftari yake. Alisema: «Mwalimu, hii si kazi ya wasichana.» Neno hilo lilituumiza, kwa maana hesabu zake zilikuwa safi na maagizo aliyoandika kwenye kompyuta hayakuwa na kosa hata moja. Mota ndiyo ilishindwa, naye akafikiri ameshindwa yeye. Ndiyo sababu tunaandika juu ya kitu kidogo hivi katika gazeti letu la familia.

Servo ni kitu gani?

Mota ya kawaida, kama ile ya gari la kuchezea la mtoto, ukiipa umeme inazunguka tu mpaka umeme ukatike. Ni kama mtoto anayekimbia uwanjani. Mota ya servo inafanana na mwanafunzi uliyemwambia: «Nenda kwenye benchi ya tatu, ukae pale.» Anakwenda, anakaa, na mwenzake akimsukuma anajikaza kubaki pale pale. Ndani yake mna mota ndogo, vigurudumu vyenye meno vinavyopunguza mwendo na kuongeza nguvu, na kipimo kinachoiambia kila wakati imefika wapi. Kwa kawaida inageuka nusu duara tu, digrii 180.

Ina waya tatu. Ile nyekundu ni ya plasi. Ya kahawia ao nyeusi ni ya minasi. Ya rangi ya machungwa, ya manjano ao nyeupe inapeleka maagizo. Mtoto akibadilisha plasi na minasi anaweza kuiunguza mara moja, basi amwonyeshe mwalimu kabla ya kuunganisha.

Swali la kwanza: itabeba nini, na umbali gani?

Hapa ndipo tulipokosea sisi walimu. Nguvu ya servo inaandikwa kwa kilo na santimetre pamoja. Ile ndogo ya buluu, inayoitwa SG90, kwa kawaida ina nguvu ya karibu 1,8. Maana yake inaweza kushikilia kilo 1,8 ikiwa mzigo uko santimetre moja tu kutoka kwenye mhimili. Mzigo ukisogea mpaka santimetre 10, inabaki na nguvu ya gramu 180 tu. Kwa santimetre 20, gramu 90.

Tulipowaeleza wamama hao, tulitayarisha ubao na chaki. Mama wa sambaza hakungoja chaki. Alisema: «Beseni nikilibeba karibu na kifua ninafika nalo sokoni. Nikinyoosha mikono mbele, sifiki hata kwa jirani.» Hiyo ndiyo hesabu yote.

Basi tukapima mkono ule. Mbao ilikuwa na urefu wa santimetre 20 na uzito wa gramu 120. Uzito huo tunauhesabu kwenye katikati ya mbao, santimetre 10: tunapata 1,2. Kwenye ncha kulikuwa na kishikio na mota yake ndogo, gramu 40 kwa santimetre 20: tunapata 0,8. Tuliongeza mzigo wa gramu 50 hapo hapo kwenye ncha: tunapata 1,0. Jumla ni 3,0. Nasi tulikuwa tumewanunulisha mota ya 1,8! Hata kama wasichana wangekesha usiku kucha, mkono ule haungepanda.

Kanuni yetu sasa ni hii: hesabu kwanza, kisha nunua mota yenye nguvu mara mbili ya ile uliyopata. Servo inayofanya kazi kwenye mwisho wa nguvu yake inapata moto na haidumu. Kwa 3,0 tulitafuta mota ya 6 ao zaidi, tukachukua ile inayoitwa MG996R, yenye nguvu ya zaidi ya 9. SG90 tuliiacha kwenye kishikio, mahali ambapo kazi ni nyepesi. Si mota mbaya. Inafaa kwa kishikio kidogo, kwa kugeuza kichwa cha roboti ya karatasi, kwa kizuizi cha barabara cha kuchezea. Tuliipa tu mzigo usio wake.

Swali la pili: meno yake ni ya plastiki ao ya chuma?

Meno ya plastiki yanavunjika mtoto akizungusha mhimili kwa mkono kwa nguvu, ao roboti ikianguka. Kwa kazi ndogo ya kujifunza yanatosha. Kwa mguu wa roboti ao mkono unaobeba, tafuteni meno ya chuma. Kati ya mota ndogo kuna MG90S, iliyo karibu na ukubwa wa SG90 lakini ina meno ya chuma.

Jina lililoandikwa juu halitoshi, kwa maana kuiga karatasi ya jina ni rahisi. Mzani unasaidia. SG90 ina gramu 9, MG90S ina gramu 13 hivi, MG996R ina gramu 55. Mara ya pili wamama walikwenda sokoni na mzani mdogo wa jirani anayenunua zahabu. Kati ya mota tatu zenye jina lile lile, moja ilikuwa nyepesi kuliko wenzake kwa karibu gramu 10. Waliirudisha palepale. Mwuzaji alinung'unika kidogo, kisha akaleta nyingine.

Swali la tatu: inageuka digrii 180 ao inazunguka bila mwisho?

Kuna servo zinazofanana kabisa kwa macho, lakini zinazunguka bila kusimama. Mara nyingi zinauzwa kwa jina la «360». Hizo ni za magurudumu. Ukiiweka kwenye mkono wa roboti, haitakaa pale unapoiambia ikae. Muulize mwuzaji mbele ya wenzako: «Hii ni 180 ao 360?» na mwandike jibu lake kwenye risiti.

Swali la ine: itakula umeme gani?

Mota nyingi zinatupwa kwa kuitwa mbovu, kumbe zina njaa tu. Servo ikianza kusukuma inavuta umeme mwingi kwa kitambo kidogo. MG996R ikizuiliwa kabisa inaweza kuvuta ampere 2,5. Kadi ya Arduino iliyounganishwa kwenye kompyuta inapata nusu ampere tu, basi haiwezi kulisha mota za namna hiyo. Kadi inazimika, inawaka tena, mota zinatetemeka, na mtoto anarudi kutafuta kosa katika maagizo aliyoandika. Hata ile pile ya mraba ya volti 9 haifai: volti zake ni nyingi kupita kiasi kwa mota hizi, lakini umeme inaoweza kutoa kwa mara moja ni mdogo.

Kwa mota ndogo moja ao mbili, mawe mane mapya ya redio, yale makubwa kidogo ya alkaline, yanatosha kujifunzia. Mawe mane ya volti 1,5 yanatoa volti 6. Yale ya kuchaji yanatoa volti 4,8. Kwa mota kubwa, tafuteni chaja ya volti 5 ao 6 yenye ampere za kutosha, na fundi aangalie. Umeme wa mota utoke kando, si kwenye kadi, lakini waya ya minasi ya mota na ile ya kadi ziunganishwe pamoja. Bila hiyo mota haielewi maagizo.

Mjaribu mbele ya mwuzaji

Mwende na mtoto, pamoja na kadi yake na mawe yake. Mota igeuke upande mmoja, upande mwingine, kisha irudi katikati, mara kumi. Msikilize: sauti ya kusaga ni meno yanayorukana. Ikiwa katikati bila mzigo, itulie. Ikitetemeka daima, badilisheni mawe kwanza. Ikiendelea kutetemeka, muirudishe. Baada ya dakika mbili muiguse: kuwa na joto kidogo si kitu, kuunguza vidole ni kitu kibaya. Mwuzaji akikataa mota ijaribiwe, muende kwa mwingine.

Tena, kundi likiweza, linunue mota moja ya akiba. Afazali mota nne zilizopimwa kuliko sita za kubahatisha.

Wale wasichana wanne walirudi. Haikuwa rahisi kumrudisha yule aliyetuachia daftari. Tulimwomba msamaha mbele ya mama yake, tukamwomba afanye hesabu ya 1,2 na 0,8 na 1,0 yeye mwenyewe. Alipofika kwenye 3,0 alinyamaza, kisha akasema: «Basi haikuwa mimi.» Mkono ule sasa uko kwenye meza katika darasa, na unaokota vizibo. Wakati mwingine unaangusha kimoja.

Tuliwakumbusha pia kwamba roboti za kuongoza magari zilizowekwa katika barabara za Kinshasa kuanzia mwaka 2013 zilitokana na kazi ya timu iliyoongozwa na injinia mwanamke, Mukongomani mwenzetu, Thérèse Izay Kirongozi. Naye alikuwa binti wa mtu.

Kwa mazungumzo katika kundi:

1. Mtoto wetu akituomba feza ya kazi ya shule, tunamwomba atuonyeshe hesabu ya kitu anachohitaji?

2. Nani katika kundi letu ana mzani mdogo, na nani anaweza kwenda sokoni pamoja na mama asiyezoea vitu hivi?

3. Mara ya mwisho mtoto aliposema «siwezi», tulichunguza kwanza kifaa alichokuwa nacho?

Sisi walimu nasi tumeahidi: hatutatuma tena mama sokoni na neno «nunueni mota» peke yake. Karatasi itaandikwa jina, nguvu, meno, na umeme unaohitajiwa. Msipoipata, muidai.

Mubaki na amani. Tuonane juma lijalo.