Kibanio cha Mkate

Wasomaji wetu watukufu, huenda mkatucheka tukiwaambia kwamba ukurasa wa mwezi huu tumeutoa kwa kibanio cha mkate. Yaani kile kipande kidogo cha plastiki, bapa, chenye pengo la kubania shingo ya mfuko. Hata sisi tulicheka, pale kijana wetu alipotuonyesha katika intaneti hazina nzima ya vitu hivyo, imepangwa kwa koo na nasaba kama wataalamu wapangavyo vipepeo na samaki.

Aliyeianzisha mwaka 1994 ni John Daniel wa Marekani. Kila namna ya kibanio ina jina lake la Kilatini, na jamii yote ameiita Occlupanida, kwa kuunganisha maneno yenye maana ya kufunga na mkate. Hutazamwa mdomo wa kibanio: una meno au hauna, na meno hayo yamekaa vipi, kwa hayo hujulikana ni cha ukoo gani. Ni mzaha, lakini mzaha uliofanywa kwa subira kuliko kazi nyingi za dhati tuzijuazo. Kibanio chenyewe kilibuniwa na Floyd Paxton, hukohuko Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1950, nacho kilikuwa cha mifuko ya matofaa, si cha mikate.

Walakini liko ambalo halina mzaha. Mwaka 2000 matabibu wa Kanada walieleza, katika jarida la madaktari wa nchi hiyo, khabari za watu 5 waliokutwa na vibanio hivi matumboni. Yale meno yaliyotengenezwa ili yaushike mfuko huushika utumbo vilevile, yasiuachie, hata utumbo ukaziba au ukatoboka. Tena plastiki haionekani vyema katika picha ya eksirei, basi tabibu huweza kutazama asikione. Walioonekana kuwa khatarini zaidi ni watu waliopita miaka 60 wenye meno ya bandia, ambao kinywa chao hakihisi vyema kilichomo.

Mwaka 2011 madaktari wa Marekani walieleza juu ya kibanio kilichokutwa ndani ya kipande cha utumbo mpana uliokatwa. Miongoni mwa waandishi wa makala ile alikuwamo John Daniel, na mpango wake wa koo na nasaba ukaingia katika jarida la tiba. Nasi twaona ni haki, maana tabibu aandikaye "plastiki" tu hajamwambia mwenziwe kama kitu kile kilikuwa na meno.

Basi enyi mama wa nyumba, mkate ufunguliwapo, kibanio kisiachwe mezani karibu na sahani ya bibi, wala kisitupwe penye mtoto atambaaye. Kijana wetu tumempa chupa yenye kifuniko aweke vyake. Mpaka sasa amepata namna 3. Ya nne anasema iko katika duka la jirani, ila mkate wa huko ni mgumu na hakuna nyumbani akubaliye kuula.