Moto wa nyumba huanzia kwenye kiungo cha nyaya

NYUMBA za kukodisha zinapoteketea kutokana na hitilafu ya umeme, ni nadra mtu kuuliza jinsi nyaya zilivyounganishwa.

Mafundi wengi huunganisha waya wa uzi mmoja mgumu na ule wa nyuzi nyingi laini. Kuchanganya si kosa, mradi zote ni za shaba na unene wake unatosha. Hatari imo katika kiungo. Nyaya hizo zikisokotwa kwa mkono na kufungwa utepe tu, hulegea, umeme ukapita kwa taabu na joto likapanda. Fyuzi nayo haikatiki, kwa kuwa umeme unaopita haujazidi kiwango.

Dawa ni kiunganishi cha skrubu kilichokazwa barabara, ndani ya kisanduku kinachoweza kufunguliwa na kukaguliwa.

Sheria ya Kawi ya 2019 inamtaka fundi awe na leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA). Lakini mwenye nyumba anapotafuta fundi wa bei ya chini, yeye huokoa fedha huku mpangaji akilala chini ya dari lenye kiungo hicho. Rahisi ni ghali, na anayeilipa gharama hiyo siye aliyeichagua.