Pikipiki ikimisi, msikimbilie kabureta



Hapa Singida zile Yamaha DT 125 za zamani bado tunazo, ila nyingi zimechakachuliwa: ekzosi imekatwa ili ingurume (sifa tu!), boksi la chujio la hewa limetupwa. Baadaye injini inamisi, fundi anadai kabureta mpya. Napinga.

Fungua plagi kwanza. Ikiwa nyeusi yenye masizi, petroli imezidi. Ikiwa nyeupe, hewa imezidi. Kagua mpira unaoshika kabureta kwenye injini, ukipasuka unavuta hewa ya pembeni. Mpira ukiwa mzima, huenda ni lile boksi.

Hewa ikizidi injini inachemka mpaka pistoni inajamu. Ikujamie mteremko wa Sekenke, tairi la nyuma limefunga, lori liko nyuma yako!

Chujio bado liko kwa fundi? Kalifuate leo.