Ridi haipindwi kwa kidole, jamani

Najua nimekuwa kimya tangu turudi likizo, testi zimetubana kweli. Lakini leo lazima niseme, maana jana usiku hapa hosteli nimebishana na watu mpaka saa saba na hasira bado haijaisha.

Ubishi wenyewe: eti mimi, mwanafunzi wa ualimu wa Fizikia na Hesabu, nilikosa adabu kumkatalia fundi wa mashine za boti kule kwetu Mafia. Fundi ana miaka 20 kazini, mimi nina makaratasi. Haya, sikilizeni halafu mseme.

Mjomba ana boti ya uvuvi yenye Yamaha ya zamani ya nguvu farasi 40, zile tu-stroki. Ilianza kukohoa, petroli inarudi nyuma kwenye kabureta. Fundi akasikiliza kidogo tu, hata spana hajashika, akasema ridi zimechoka. Na kweli zilikuwa zimechoka, hapo nampa heko. Balaa lilikuja wakati wa kurudishia. Ridi mpya hakuna, basi akazigeuza zile zile, upande wa juu ukawa chini. Moja iliyopinda akainyoosha kwa kidole gumba. Akafunga, ikawaka vizuri, watu wakashangilia.

Mimi nilikuwepo. Nikaona, roho ikasita, nikanyamaza. Mtoto wa kike katikati ya mafundi utasema nini?

Siku ya tatu ikazima kwenye mkondo kati ya Mafia na delta ya Rufiji, kusi inavuma. Mjomba na vijana wanne walilala baharini, nanga haishiki, wanasukumwa kaskazini. Waliokotwa asubuhi na wavuvi wengine. Usiku ule mama hakuingia ndani, alikaa ufukweni na khanga yake mpaka kukakucha. Mnaoniambia habari za adabu, mngekaa naye.

Sasa ridi ni nini? Ni vibamba vyembamba vya chuma, kama ulimi wa zumari, vinakaa kati ya kabureta na kasha la kranki. Pistoni ikipanda, kasha linavuta, vibamba vinafunguka, hewa na petroli na oili vinaingia. Pistoni ikishuka vinajifunga, mchanganyiko unabanwa na kupandishwa kwenye silinda. Hivyo kila mzunguko. Mashine ikienda mizunguko 5,000 kwa dakika, kibamba kimoja kinapiga kama mara 83 kwa sekunde. Kwa saa moja ni mara 300,000! Kibamba cha zamani kimeshazoea kulalia upande mmoja, ukikigeuza unakikunja kinyume na mazoea yake. Ukikinyoosha kwa kidole unaacha mkunjo, na ufa unaanzia hapo hapo. Kikikatika kipande hakiangukii baharini, injini inakimeza. Yetu tuliikuta na ncha moja haipo na pistoni imekwaruzwa.

Unajua fundi alitaka kufanya nini mara ya pili? Kukata kibamba kipya kwenye kopo la maziwa! Hapo ndipo nilipokataa, na ndiyo hiyo mnayoiita kukosa adabu.

Mnasema uzoefu. Uzoefu gani? Mtu akigeuza ridi za boti 50, zile zilizozima baharini nani alizifungua akamwonyesha kilichokatika? Hakuna. Watu wanasema mafuta yalikuwa machafu, au bahari ile ina mambo yake. Basi mwaka wa 20 anafanya kosa la mwaka wa kwanza, ila kwa haraka zaidi.

Na sisi wasomi tusijichekee. Mzunguko wa injini nimeuchora ubaoni tangu sekondari, vishale vyote mahali pake, lakini ridi yenyewe niliiona mara ya kwanza kwenye mchanga wa Kilindoni. Kitabu cha matengenezo kipo, kwa Kiingereza. Fundi angekisomea wapi?

Tuliagiza ridi Dar. Kurudishia kulichukua asubuhi nzima na wala si uchawi. Unasafisha uso wa kukalia mpaka hakuna hata chembe ya gasketi ya zamani. Unaweka kibamba bila kukigusa-gusa, unamulika kwa tochi ya simu nyuma yake. Mwanga ukipita pana, hakijalala. Juu yake kinakaa kizuizi, kile chuma kilichopinda kinachozuia kibamba kufunguka kupita kiasi, na urefu wake unapimwa, haukisiwi. Skrubu ndogo zinapakwa gundi ya skrubu, maana ikilegea moja nayo inamezwa. Gasketi mpya. Boliti unakaza kidogo kidogo kwa kupishanisha, siyo moja mpaka mwisho.

Kuna aliyesema jana tu-stroki zimepitwa na wakati, mjomba anunue foo-stroki. Kaka, mchango wako tunausubiri.

Nimetafsiri kurasa mbili za kitabu kile kwa mkono, nikampa mjomba azibandike ndani ya boksi la vifaa. Fundi alipita, akasoma kimya, akaniuliza kwa nini sikuandika kipimo cha kizuizi. Kweli nilisahau. Nimekiandika leo, Ijumaa nampa mtu anayevukia Nyamisati.