WINCHI IBEBE MZIGO, KIBARUA ASIBEBE HATARI



Siku hizi malori yenye winchi mgongoni yamekuwa mengi viwandani na mashambani mwetu hapa Uganda. Mengine yanatoka Mombasa kupitia Malaba na Busia, mengine yanakodiwa Kampala na Jinja. Yanaleta jenereta, mota, matangi, mabomba ya boila na transfoma. Dereva anashusha miguu ya pembeni, mkono wa chuma unanyanyua mzigo na kuuweka chini. Mashine hii ilianza Uswidi katika miaka ya 1940, na jina la kampuni moja ya huko, Hiab, wengi wanalitumia kama jina la mashine yenyewe.

Wako wenzetu wanaotaka chama kiipinge winchi hii kwa sababu inakula kazi ya vibarua. Sisi hatukubaliani nao, lakini hatuwacheki. Zamani jenereta ikifika kiwandani waliitwa watu kumi na wawili. Walileta magogo na kamba, wakavuta kwa wimbo kutwa nzima, na jioni wote walilipwa. Leo lori linamaliza kazi hiyo kwa nusu saa, na wanaitwa watu wawili tu. Anayelalamika anajua anachokipoteza.

Lakini tukumbuke pia kazi ile ilituachia nini: migongo mibovu, ngiri, na vidole vilivyosagwa chini ya magogo. Mwaka 1967 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba namba 127 unaokataza mfanyakazi kubebeshwa uzito wa kumdhuru, na Pendekezo lililofuatana nao likataja kilo 55 kuwa mwisho kwa mwanamume mzima. Imepita zaidi ya miaka hamsini, na bado yako maghala ambamo mtu anabebeshwa gunia la kilo 100. Kwa hiyo winchi ikija tuipokee. Tunalolikataa ni mashine kuchukua uzito na kumwachia kibarua hatari.

Tueleze jambo tulilolifuatilia wenyewe. Mwaka 2018, katika kiwanda kimoja cha chai upande wa magharibi, lori lilileta jenereta ya tani 3. Usiku mvua ilikuwa imenyesha. Miguu ya winchi ilishushwa juu ya udongo mtupu, bila mbao chini yake. Vibarua wawili waliokuwa wakingoja kazi langoni waliitwa waushike mzigo usizunguke. Mzigo ukiwa hewani, mguu mmoja ukaanza kuzama. Kibarua mmoja alipiga kelele kwa Kitooro. Mwenzake, aliyetoka Kongo, aliita kwa Kiswahili. Nyapara alipaza sauti kwa Kiingereza. Dereva, kwa ngurumo ya injini, hakumsikia hata mmoja. Jenereta iliyumba, ikambana yule wa kwanza mkono kwenye ubavu wa lori. Alipoteza vidole vitatu.

Tulipokwenda kudai fidia, kiwanda kilisema mzigo ulikuwa haujapokelewa, kwa hiyo mtu huyo ni wa mwenye lori. Mwenye lori alisema hamjui, aliitwa na nyapara. Nyapara akasema hakumwandika katika daftari. Basi vidole vilikatika mbele ya macho ya watu, lakini kwa karatasi mwenye vidole hakuwapo. Ilichukua miezi mingi, na alichopata mwishoni kilikuwa kidogo.

Ndugu zetu, ajali ile isisingiziwe Mungu, wala winchi. Winchi ina desturi yake, na anayeijua haumii. Chukua ndoo ya maji uishike karibu na kifua. Sasa nyosha mkono. Maji ni yale yale, lakini bega linalia. Winchi nayo ni hivyo. Inayoweza tani 5 mkono wake ukiwa mita 2 tu, ukinyooshwa hadi mita 10 haitaweza hata tani 1 kamili. Ndiyo maana juu yake kuna bamba linaloonyesha uzito kwa kila urefu wa mkono. Msimamizi akisema, “Nyosha kidogo tu, lori lisiingie matopeni,” hajui kwamba anaongeza hatari.

Kwa hiyo tunasema mambo manne yaandikwe katika mikataba yetu na waajiri.

Kwanza, kabla ndoano haijafungwa, kila atakayegusa mzigo aandikwe jina lake, na ijulikane mwajiri wake siku hiyo ni nani.

Pili, mzigo usinyanyuliwe mpaka miguu ya winchi imekaa juu ya mbao nene, bamba la uzito limesomwa, na imehakikishwa kwamba mkono hautakaribia nyaya za umeme. Cheti cha ukaguzi kionyeshwe pia. Kwa kazi za bandarini, Mkataba namba 152 wa mwaka 1979 unataka vyombo vya kunyanyulia vikaguliwe angalau mara moja kila miezi 12. Mfanyakazi wa shambani hana mifupa migumu kuliko ya mwenzake wa bandarini. Naye alindwe vivyo hivyo.

Tatu, atoe ishara mtu mmoja tu, kwa mikono, na ishara hizo zifundishwe kwa wote, maana lugha zetu ni nyingi. Mzigo uongozwe kwa kamba, usishikwe kwa mikono. Lakini ishara ya kusimamisha iwe ya kila mtu, hata kibarua aliyeanza kazi asubuhi ile. Yeyote akisema simama, winchi isimame.

Nne, watu ambao mashine imewapunguzia kazi wapewe kazi nyingine, na baadhi yao wafundishwe kufunga mizigo na kuendesha winchi, kwa mshahara wa ufundi.

Hilo la kusimamisha kazi si ukaidi. Mkataba namba 155 wa mwaka 1981 unasema mfanyakazi anayejiondoa mahali anapoamini, kwa sababu za haki, kwamba pana hatari kubwa iliyo karibu, asiadhibiwe. Mwezi Juni 2022 mkataba huo uliingizwa katika mikataba ya msingi ya Shirika la Kazi Duniani, na kila nchi mwanachama inawajibika kuiheshimu misingi yake hata kama haijautia sahihi.

Lakini tusijidanganye. Kibarua mmoja akisema simama peke yake, kesho langoni hataitwa. Wakisema wote, na mwakilishi wa chama akiwa amesimama pamoja nao, nyapara hana wa kumfukuza. Haki hiyo inapata nguvu pale tu tunapoishika wengi.

Basi, wawakilishi wa matawi, tuanze na jambo dogo. Lori lijalo la winchi likiingia langoni, kabla halijashusha miguu yake, mwendeeni msimamizi mumwulize: “Majina ya hawa wawili yameandikwa wapi?” Akikosa jibu, mzigo ungoje juu ya lori.