MBOGA ZA ASILI ZIPANDWE KWENYE DEBE MLANGONI



Katika mkutano uliopita tulitoa shauri kwamba kila nyumba iwe na debe au gunia la mboga mlangoni wakati wa kiangazi. Ndugu mmoja akasimama akasema: "Kupanda kwenye makopo ni mambo ya watu wa mjini wasio na mashamba. Sisi Msangano tuna ardhi, debe la nini?" Watu wakacheka, mkutano ukafungwa. Leo tunamjibu hapa ubaoni.

Ni kweli ardhi tunayo. Lakini hivi, jamani, mwezi wa nane ardhi hiyo ina nini? Mvua zetu huanza Novemba na kwisha Aprili. Baada ya hapo shambani yanabaki mabua, na mabua ni ya ng'ombe na mbuzi. Bustani ya bondeni inataka ua wa miiba, inataka mlinzi, inataka ndoo juu ya ndoo. Debe la mlangoni linataka maji yaliyosuuzia vyombo, basi. Mbuzi akilisogelea, bibi aliyekaa kivulini anamfukuza kwa fimbo. Kwa hiyo shida yetu si ardhi. Shida yetu ni maji, mifugo, na miguu ya akina mama.

Sasa tupande nini? Hapo ndipo tulipokosea sisi viongozi, na kosa tunalikubali. Kiangazi kilichopita tulihimiza kabichi, tukatoa fedha za ushirika kununua mbegu za pakiti. Maji yakapungua, kabichi zikakauka kabla hazijafunga. Mbegu za kupanda tena hatukubakiwa nazo, maana kabichi katika joto letu haitoi mbegu. Wakati huohuo nyuma ya zizi mgagani ulikuwa umejiotea wenyewe, haukupandwa na mtu, haukumwagiliwa na mtu.

Kabichi ni mmea wa Ulaya, umezoea baridi. Mgagani, mnafu, mlenda, kunde na nyanya chungu ni mimea ya Afrika. Jua hili inalijua. Tusidanganyane pia: si kila tunachokiita cha kienyeji ni cha asili. Viazi vitamu na maboga vilitoka Amerika zamani. Matembele tuyale, ni mazuri, lakini tujue historia yake.

Katika kuchagua, tuangalie chombo na mmea vinavyofaana:

Mgagani unavumilia ukame lakini hautaki maji yatuame. Upandwe kwa mbegu palepale chomboni, maana mzizi wake unakwenda chini moja kwa moja na kuhamishwa haupendi. Ukianza kutoa maua, yachumwe, majani yatazidi.

Mnafu unapenda samadi na maji zaidi. Unafaa debe la lita 20, mche mmoja au miwili tu. Majani yapikwe vizuri, na vitunda vibichi visiliwe, vina sumu.

Mlenda unapenda joto. Mbegu zake ni ngumu kuota, kwa hiyo zitumbukizwe kwanza katika maji ya moto kwa muda mfupi.

Kunde zinafaa gunia. Majani yachumwe yangali machanga. Nazo zinarutubisha udongo.

Mchicha unatosheka na beseni bovu au karai lililotoboka, na baada ya wiki tatu au nne unachumwa.

Udongo uchanganywe hivi: makarai mawili ya udongo wa juu, moja la samadi iliyooza, moja la mchanga. Chombo kitobolewe chini, maji yapate pa kutokea. Gunia liwekewe nguzo ya kokoto katikati toka chini hadi juu, maji yafike kote, kisha litobolewe ubavuni na kupandwa miche. Huko Kibera, Nairobi, watu wasio na hata hatua moja ya shamba wanalisha watoto kwa magunia ya namna hiyo.

Jambo moja tunalisema kwa ukali: kopo au dumu lililokuwa na dawa ya kuulia wadudu au magugu LISITUMIKE KABISA, hata likioshwa mara kumi.

Wapo wanaoona haya. Mgeni akija, mlenda unafichwa, anatumwa mtoto dukani. Haya hiyo inatugharimu. Wazee wetu waliisikia redioni kampeni ya "Chakula ni Uhai" mwaka 1975, na somo lile bado halijaisha. Uchunguzi wa afya wa taifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba kati ya watoto 100 walio chini ya miaka mitano, 30 wamedumaa, na mikoa iliyoongoza ni Iringa, Njombe na jirani zetu Rukwa. Hiyo ni mikoa ya mahindi mengi! Kumbe ghala likijaa si lazima mtoto awe ameshiba vizuri. Ugali bila mboga ni nusu ya chakula. Kenya nako mboga hizi zilidharauliwa, leo zinauzwa katika maduka makubwa ya Nairobi. Na hapa kwetu, Arusha, kipo kituo cha kimataifa cha utafiti wa mboga tangu mwaka 1992, wataalamu wanatunza mbegu za mnafu na mgagani kama mali. Sisi tunazing'oa kama magugu.

Mbegu hizi zimo mikononi mwa bibi zetu wachache, zimefungwa kwenye vitambaa darini juu ya moshi. Bibi akiondoka na kitambaa kisipofunguliwa, mbegu nazo zimeondoka.

Kwa hiyo katika mkutano ujao tutaomba yafuatayo yaamuliwe: fedha za mbegu zisinunue kabichi tena, kila nyumba ilete kijiko kimoja cha mbegu ya asili, ziwekwe ofisini katika chupa kavu zenye majina, na kila mwenye debe la mboga amgawie mbegu jirani yake. Sisi wa ofisini tumekwisha anza. Madebe matatu yapo mlangoni. Anayetaka kucheka aje acheke, akimaliza achume.

Katibu