Mstari wa Nani?

Mama mjamzito wa Mazinde anapopimwa kwa ultrasaundi, mara nyingi husoma uso wa mpimaji, kwa sababu skrini imempa kisogo. Mpimaji humwona mtoto akicheza papo hapo, huisimamisha picha, hupima kichwa, tumbo na mfupa wa paja, na punde mashine hutaja uzito na kuweka nukta kwenye mchoro wa ukuaji. Nukta ikiangukia chini ya mstari, kadi huandikwa "mtoto mdogo" na hofu huingia nyumbani.

Lakini mstari huo ulichorwa kwa watoto wa nani? Mashine nyingi huja na michoro iliyotokana na wajawazito wa nje ya Afrika. Ilhali Korogwe, wilaya ya Mazinde yenyewe, ina mchoro wake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulitumia vipimo 2,193 vya uzito wa watoto 583, na ukabaini kwamba michoro ya kwingine, hata ule wa Kongo, ingewaita wadogo watoto wengi wasiostahili jina hilo, hasa mimba inapokaribia kutimia.

Wapo wanaohofu kwamba kushusha mstari ni kuyafumbia macho madhara ya malaria na upungufu wa damu. Hofu hiyo si ya kubeza, kwani malaria katika kondo la nyuma humdumaza mtoto kweli. Hata hivyo, watafiti wa Korogwe waliziondoa mimba zenye matatizo kabla ya kuchora.

Kuna kasoro nyingine, nayo si ya mashine. Nukta husimama juu ya wiki za mimba, na wiki zikihesabiwa vibaya, mtoto mzima huonekana amedumaa. Ndiyo sababu tangu 2016 Shirika la Afya Duniani linashauri kipimo kimoja kabla ya wiki 24. Umri unaokadiriwa mwishoni hauaminiki.

Basi kadi ionyeshe mchoro uliotumika na jinsi wiki zilivyopatikana. Skrini igeuzwe, mama aonyeshwe nukta na aelezwe kwamba uzito huo ni makadirio. Penye shaka, na mama akiwa hana dalili za hatari, kipimo kirudiwe baada ya wiki mbili au tatu, kwa kuwa mwendo wa ukuaji husema mengi kuliko nukta moja. Mtoto akipunguza kucheza, au damu ikitoka, mama asingoje tarehe hiyo. Aende kituoni siku hiyo hiyo.